Alama 68 za mdogo wangu

Mwanzoni mwa mwaka jana, jioni moja baada ya sala ya magharibi, mdogo wangu alifika nyumbani kwangu Mwanga, hapa Kigoma, akiwa na uso wa mtu mwenye habari njema. Yeye ni mhandisi wa umeme. Wakati huo alikuwa na miaka 31, hajaoa, ana shahada moja ya chuo kikuu cha hapa nchini na uzoefu wa miaka sita katika kazi za kusambaza umeme vijijini. "Kaka, nimefaulu," aliniambia kabla hata ya kuketi. "Kanada wanataka alama 67 kwa anayeomba kuhamia kwao, mimi ninazo 68." Mimi ni mwalimu wa hisabati, na mtu akinitajia alama siwezi kutulia mpaka nijue zimetoka wapi, kwa hiyo nilichukua daftari na penseli tukaanza kuhesabu upya, kipengele kwa kipengele. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa katika maana aliyoipa hesabu hiyo, na kwa kuwa tangu siku ile nimekutana na vijana wengi wa mkoa huu wenye kosa hilohilo, nimeona niliandike jambo hili kwa kirefu.

Kanada inawapima wafanyakazi wenye ujuzi kwa vipengele sita vyenye jumla ya alama 100. Lugha ina alama 28, elimu 25, uzoefu wa kazi 15, umri 12, ofa ya kazi iliyothibitishwa 10, na wepesi wa kuzoea maisha ya huko 10, ambao hupimwa kwa mambo kama kuwa na ndugu wa karibu anayeishi Kanada au kuwahi kusoma kule. Mdogo wangu alipata 21 kwa shahada yake, 15 kwa uzoefu kwa sababu miaka sita inatosha kumpa mtu alama zote za kipengele hicho, 12 kwa umri kwa sababu kila aliye kati ya miaka 18 na 35 hupewa zote, na 20 kwa Kiingereza. Ofa ya kazi hakuwa nayo, na ndugu wa karibu Kanada hatuna. Ukijumlisha unapata 68.

Sasa alama hizo 68 zinafanya nini? Zinampa mtu ruhusa ya kuandikwa katika orodha ya wanaosubiri, basi. Tangu Januari 2015 Kanada inatumia utaratibu unaoitwa Express Entry, ambao ndani yake kila aliyefikisha 67 hupimwa upya kwa kipimo kingine kabisa, chenye alama 1,200, kisha waombaji wote hupangwa kuanzia wa juu hadi wa chini. Serikali hufanya raundi za mialiko mara kwa mara, na kila raundi huwaita walio juu mpaka idadi waliyoipanga itimie. Alama ya mtu wa mwisho kuitwa haijulikani mapema, kwa sababu inategemea ni nani wengine waliomo katika orodha siku hiyo. Anayenunua samaki alfajiri kwenye mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma, ataelewa upesi: bei ya mgebuka haiandikwi popote, inategemea mitumbwi mingapi imerudi na samaki usiku ule.

Tulifungua ukurasa mpya wa daftari tukaanza kipimo cha pili. Kwa miaka 31 alipata alama 99, kwa shahada moja 120. Mtihani wake wa Kiingereza, uitwao IELTS, ulikuwa umempa 7.5 katika kusikiliza, 6.5 katika kusoma, 6.0 katika kuandika na 7.0 katika kuzungumza, matokeo ambayo kwa mtu aliyesoma shule zetu za kata ni ya kujivunia na nilimwambia hivyo. Kanada huyageuza kuwa ngazi zake yenyewe, na kwake zilikuwa ngazi ya 8, ya 8, ya 7 na ya 9, ambazo kwa jumla zina alama 94. Kisha kuna alama za kuunganisha sifa mbili, yaani shahada pamoja na lugha, na uzoefu pamoja na lugha, ambako alipata 13 na 25. Jumla ikawa 351. Tulipotafuta raundi zilizopita, tukakuta kwamba katika mwaka 2024 raundi za jumla, zile zisizolenga kundi maalumu, zote zilikuwa zimeishia juu ya 500. Mdogo wangu alikaa kimya kwa muda mrefu. Mke wangu alileta chai, ikapoa.

Nimeeleza hesabu hii kwa tarakimu zake zote kwa sababu ndani yake kuna jambo ambalo mawakala hawalisemi na ambalo mtu hawezi kulijua mpaka akae na penseli. Tuliuliza swali rahisi: kitu gani kingemwongezea alama nyingi kwa gharama ndogo zaidi? Wazo la kwanza la kila mtu nyumbani, pamoja na mama yetu, lilikuwa shahada ya uzamili. Elimu ndiyo tuliyofundishwa kuwa ufunguo, na kwa kweli wanaipa uzito. Lakini hebu tazama. Shahada ya uzamili ingemtoa kwenye 120 hadi 135, na kwa Kiingereza alichokuwa nacho wakati ule ingemwongezea 12 nyingine katika kuunganisha sifa, jumla ya nyongeza 27. Miaka miwili ya kusoma ingepita, na katika miaka hiyo miwili umri wake ungeshuka kutoka alama 99 hadi 88. Angebakiwa na nyongeza ya 16, baada ya kulipa ada ya mamilioni.

Kiingereza je? Kama angefika ngazi ya 9 katika stadi zote nne, ambayo kwa IELTS ni 8.0 katika kusikiliza na 7.0 katika stadi nyingine tatu, lugha peke yake ingempa 124 badala ya 94. Zaidi ya hapo, ngazi ya 9 ndiyo inayofungua alama kamili za kuunganisha: shahada yake pamoja na lugha ingepanda kutoka 13 hadi 25, na uzoefu wake pamoja na lugha ungepanda kutoka 25 hadi 50. Angetoka 351 na kufika 418. Alama 67 zimeongezeka bila cheti kipya hata kimoja, kwa nusu alama katika kusikiliza, nusu katika kusoma na alama moja katika kuandika. Nimefundisha hisabati miaka 14 na sijawahi kukutana na ngazi yenye kidato kirefu namna hii mahali pamoja. Anayeishia ngazi ya 8 yuko hatua moja tu chini ya jirani yake, lakini katika orodha wanatenganishwa na maelfu ya watu.

Kwa nini lugha na umri vibebe mzigo mkubwa kiasi hicho? Mfumo huu ulianza mwaka 1967, mwaka uleule ambao huku kwetu lilitangazwa Azimio la Arusha. Kabla ya hapo Kanada ilichagua wahamiaji kwa kutazama walikotoka, na Wazungu ndio waliopendelewa. Ubaguzi huo uliondolewa katika kanuni za mwaka 1962, na miaka mitano baadaye zikaja alama, ili ofisa wa uhamiaji awe na karatasi ya kumwongoza badala ya hisia zake. Hata hivyo karatasi ya kwanza ilimwachia ofisa nafasi: kati ya alama 100, alama 15 zilikuwa za maoni yake mwenyewe kuhusu mwombaji, na kufaulu kulihitaji 50. Australia ilifuata mwishoni mwa miaka ya 1970, New Zealand mwaka 1991, Uingereza mwaka 2008. Nia ya wote ni moja, kumpata mtu ambaye atapata kazi haraka na kulipa kodi kwa miaka mingi, na kwa hesabu hiyo kijana wa miaka 25 anayeandika Kiingereza vizuri ana thamani kubwa kuliko fundi stadi wa miaka 44. Kwa Kanada mtu asiye na mwenzi hupata alama 110 za umri akiwa na miaka 20 hadi 29, hushuka hadi 50 akifika 40, na akifika 45 hapati kitu. Sikubaliani na mizani hiyo kwa moyo wote. Nawajua wauguzi wa hospitali ya Maweni wenye miaka zaidi ya 45 ambao ningewakabidhi mwanangu bila wasiwasi. Lakini naelewa mizani imetengenezwa na nani na kwa faida ya nani, na anayetaka kupimwa nayo ni lazima aijue.

Tulijaribu pia nchi nyingine, maana haina busara kuweka tumaini mahali pamoja. Australia inataka alama 65. Mdogo wangu alipata 30 za umri, kwa kuwa kati ya miaka 25 na 32 ndipo penye alama nyingi zaidi, 15 za shahada, 10 za uzoefu wa miaka mitano hadi saba, na 10 kwa sababu hana mwenzi. Kiingereza chake kilitosha kumruhusu kuomba lakini hakikumpa alama yoyote, kwani nyongeza huanza pale stadi zote nne zinapofika 7. Jumla ikawa 65 kamili. Na hapo tena ni hadithi ileile ya orodha na mwaliko: 65 inakuruhusu kutangaza nia, na wanaoitwa kwa viza isiyo na mdhamini kwa kawaida huwa juu zaidi. Jimbo likikudhamini hukuongezea 5, na viza ya kuishi nje ya miji mikubwa huongezewa 15, ndiyo maana wengi hupitia huko. Kabla ya yote hayo, bodi ya fani yako kule Australia lazima ikubali kwamba wewe kweli ni mhandisi, na inaweza kupunguza miaka ya uzoefu uliyojihesabia.

Ujerumani ni tofauti, na tofauti yake inafundisha. Tangu Juni 2024 wana Kadi ya Fursa, ambayo inahitaji alama 6. Uzoefu wa miaka mitano ndani ya saba iliyopita ni alama 3, umri usiozidi miaka 35 ni 2, Kiingereza cha ngazi ya juu, yaani C1, ni 1, na Kijerumani huongeza kuanzia 1 kwa ngazi ya mwanzo ya A2 hadi 3 kwa ngazi ya kati ya B2. Mdogo wangu alifikisha 6 bila kujua neno la Kijerumani. Huko hakuna orodha wala kushindanishwa. Ukifikisha 6 na ukatimiza masharti mengine umefikisha. Lakini kinachotolewa nacho ni kidogo zaidi: ruhusa ya kukaa hadi mwaka mmoja ukitafuta kazi, ukiruhusiwa vibarua visivyozidi saa 20 kwa wiki, na lazima uoneshe mapema fedha za kujikimu kwa muda wote huo. Shahada yako nayo lazima iwe inatambuliwa na nchi ulikoipata. Ukweli ni kwamba mlango ukiwa mwepesi kufunguka, chumba cha ndani huwa kidogo, na ukaazi wa kudumu anaoutoa Mkanada kwa mwaliko mmoja, Mjerumani hukupa ukautafute mwenyewe hatua kwa hatua.

Uingereza nao huuita mfumo wao wa alama, 70 kwa idadi, lakini 50 kati ya hizo hazina mbadala: kazi kutoka kwa mwajiri mwenye leseni ya kudhamini, kazi hiyo iwe ya ngazi inayotakiwa, na Kiingereza. Zilizobaki zinategemea mshahara. Bila mwajiri hakuna la kuhesabu. New Zealand tangu Oktoba 2023 wanataka alama 6 tu, ila nao wanataka uwe na kazi au ofa ya kazi kwao.

Tukarudi Kanada, na hapa ndipo tulipokumbana na karatasi.

Alama zote nilizozitaja ni za kujihesabia mpaka zitakapothibitishwa kwa nyaraka, na baada ya mwaliko mtu hupewa siku 60 tu za kuwasilisha kila kitu. Siku 60 kwa mtu wa Kigoma si nyingi. Shahada lazima ipimwe na taasisi iliyoidhinishwa ili ilinganishwe na elimu ya Kanada, na chuo chenyewe ndicho kinachotakiwa kutuma matokeo moja kwa moja. Ripoti yake hudumu miaka mitano. Mtihani wa lugha hudumu miaka miwili. Alipotaka kurudia mtihani, mdogo wangu alisafiri hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, akalala kwa shangazi, akafanya, akarudi. Nauli, ada ya mtihani na siku za kazi alizopoteza ni fedha ambazo haziingii katika jedwali lolote la alama.

Kilichotuumiza zaidi ni barua ya mwajiri. Kampuni ya ukandarasi aliyofanyia kazi miaka minne ilimpa barua yenye aya moja, iliyopigwa muhuri vizuri, inayosema kwamba alikuwa mfanyakazi mwaminifu, mwenye nidhamu, anayejituma, na kwamba wanamtakia kila la heri. Kwa desturi yetu hiyo ni barua nzuri mno. Kwa ofisa wa Kanada haina kitu. Yeye anataka kuona cheo, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, saa za kazi kwa wiki, mshahara na marupurupu, na majukumu ya kila siku, yote kwenye karatasi yenye anwani ya kampuni na jina na saini ya msimamizi. Majukumu ndiyo roho ya barua hiyo, kwa sababu Kanada hupanga kazi kwa kutazama ulichokifanya. Cheo ni jina tu. Mdogo wangu alikuwa akiitwa "msimamizi wa site". Jina hilo lingeweza kumpeleka katika kundi la wasimamizi wa mafundi, wakati kazi aliyoifanya kila siku, kusanifu njia za umeme, kukokotoa mizigo ya transfoma, kukagua usalama kabla ya kuwasha, ni kazi ya mhandisi. Alikwenda ofisini kwao mara tatu. Mara ya kwanza aliambiwa barua ni moja tu kwa kila mfanyakazi. Mara ya pili aliulizwa kama anatafuta ushahidi wa kuwashitaki. Mara ya tatu alimkuta karani wa zamani anayemfahamu, akamweleza kwa upole, wakaketi pamoja kuiandika upya, mstari kwa mstari, na mkurugenzi akaisaini bila neno. Siwalaumu sana. Hakuna aliyewahi kuwaomba barua ya namna hiyo.

Halafu kuna majina. Cheti chake cha kuzaliwa kina herufi moja zaidi ya cheti cha kidato cha nne, na pasipoti imefuata kitambulisho cha taifa ambacho kina mpangilio mwingine wa majina. Sisi wa mkoa wa mpakani tunafahamu maswali anayoulizwa mtu anapokwenda kuomba kitambulisho au pasipoti, babu yako alizaliwa wapi, bibi yako alitoka upande gani wa mto, na wengi wetu tunapozipata hatimaye huwa hatuna nguvu ya kurudi kulalamikia herufi moja. Lakini herufi hiyo ni lazima irekebishwe au ielezwe kwa hati ya kiapo, na ni afadhali kufanya hivyo kabla ya mwaliko kuliko ndani ya zile siku 60.

Katikati ya safari hii nikagundua kwamba mdogo wangu alikwisha kutoa shilingi 800,000 kwa wakala mmoja kabla hajaja kwangu. Wakala alimwahidi ofa ya kazi kutoka Kanada ambayo, kwa maneno yake, ingemwongezea alama 50. Ni kweli kwamba kwa miaka kadhaa ofa ya kazi ilikuwa ikiongeza alama 50, na kwa wakuu wa ngazi za juu 200. Lakini tangu tarehe 25 Machi 2025 Kanada iliziondoa alama hizo katika kipimo cha orodha, na sababu waliyoitaja ni kupunguza udanganyifu wa watu kununua na kuuza ofa. Wakala alikuwa akiuza bidhaa ambayo muda wake ulikuwa unakwisha. Na kama ofa yenyewe ingekuwa ya kughushi, jambo ambalo naamini, matokeo yake yangekuwa mabaya kuliko kupoteza fedha: anayewasilisha taarifa za uongo huzuiwa kuomba kwa miaka mitano. Kwa mtu wa miaka 31, miaka mitano ni alama za umri zinazoyeyuka mbele ya macho. Fedha hazijarudi mpaka leo. Nasema wazi kwa kila kijana anayesoma hapa Kigoma, Kasulu, Kibondo au kwa majirani zetu wa Tabora: kuhesabu alama ni bure, vikokotoo vya serikali hizo viko wazi kwenye intaneti, na hakuna mtu mwenye uwezo wa kukuuzia alama.

Kuna jambo moja ambalo limenipa moyo, na ndilo hasa lililonifanya niandike kutoka hapa nilipo. Kanada ina lugha mbili rasmi, Kiingereza na Kifaransa, na tangu mwaka 2023 hufanya raundi maalumu za mialiko kwa makundi fulani, likiwemo kundi la wanaojua Kifaransa vizuri. Raundi hizo huishia chini zaidi kuliko za jumla. Mwishoni mwa Februari 2024 moja iliishia kwenye alama 336, ingawa nyingine zimepanda juu ya 400. Anayefika ngazi ya 7 ya Kifaransa katika stadi zote nne, akiwa na Kiingereza cha kutosha pia, huongezewa alama 50, na juu yake 12 za lugha ya pili, jumla 62. Sasa fikiria mji wetu. Asubuhi yoyote pale Kibirizi utasikia Kifaransa kutoka kwa wafanyabiashara wa Uvira na Kalemie, tuna konseli za Burundi na za Kongo mjini, na kuna wazee Ujiji ambao wamefanya biashara Bujumbura tangu ujana wao na huhesabu fedha kwa Kifaransa bila kujitambua. Mhandisi wa Dodoma akitaka mtu wa kuzungumza naye Kifaransa kila siku atalipa. Hapa yupo kibandani anauza vitenge. Tumeishi na lugha hii mlangoni kwa vizazi vingi tukiiona ni ya jirani, na wala hatukufikiri kwamba siku moja ingepimwa kwa tarakimu.

Sisemi ni rahisi. Ngazi ya 7 katika kuandika ni kazi ya mwaka mzima au zaidi kwa mtu anayeanza, na Kifaransa cha sokoni hakitoshi kwa mtihani. Fedha za kujikimu nazo zinamsubiri, zaidi ya dola 15,000 za Kanada kwa mtu mmoja, ambazo haziruhusiwi kuwa za mkopo. Lakini angalau sasa tunajua tunapigania nini na kila hatua ina thamani gani.

Mdogo wangu alirudia mtihani wa Kiingereza mwezi wa saba baada ya kusoma kila usiku kwa miezi minne, hasa kuandika, ambako nilikuwa nikimsimamia kwa saa iliyowekwa mezani. Alipata 8.0 katika kusikiliza na 7.0 katika nyingine zote. Siku matokeo yalipotoka alikuwa bado na miaka 31, nikaandika 418 kwa wino. Wiki tatu baadaye alitimiza 32, alama za umri zikashuka kutoka 99 hadi 94, nikaandika 413. Sasa kila Jumamosi na Jumapili asubuhi huenda kwa mzee mmoja wa Kikongo karibu na soko, aliyekuwa mwalimu kwao kabla ya vita, ambaye humpa imla kwa Kifaransa na kuisahihisha kwa kalamu nyekundu. Juzi nimeliona daftari lake. Ukurasa wa kwanza ulikuwa mwekundu karibu wote, na ukurasa wa ishirini na kitu una alama nyekundu tisa. Mwezi wa Agosti atafikisha 33. Nimekwisha kuandika 407 kwa penseli pembeni ya ukurasa, na chini yake, kwa penseli pia, 469.